Je, Kuna Lugha Zenye Mantiki Kuliko Nyingine? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kazi yangu ni tafsiri, na jioni nafundisha wageni Kiswahili. Mashtaka dhidi ya lugha nayasikia kutoka pande zote: wageni wanaishtaki saa yetu, Waswahili wanaishtaki tahajia ya Kiingereza, kisha wote kwa pamoja wanawacheka Wajerumani kwa kumweka msichana katika jinsia isiyo ya kike wala ya kiume. Haya ndiyo maswali ninayoulizwa zaidi.

Kwa kifupi: ipo lugha yenye mantiki kuliko nyingine?

Hapana. Zipo lugha zilizonyooka zaidi katika kona fulani, na zipo zinazokulazimisha kutaja mambo ambayo nyingine zinakuachia uyanyamazie. Lakini mantiki, kwa maana ya kutoka hoja moja hadi nyingine bila kuruka, ni kazi ya msemaji. Lugha yoyote inamtosha mwenye hoja, na yoyote inamtosha mwongo.

Basi watu wanaposema "lugha hii haina mantiki" wanalalamikia nini?

Wanachanganya mambo matatu. Kuna ukawaida: kanuni ikishawekwa, ifuatwe. Kuna utata: sentensi moja ikibeba maana mbili. Halafu kuna mantiki yenyewe: ukikubali hili na lile, je, hitimisho linafuata?

Tahajia ya Kiingereza ni kesi ya ukawaida. Swali la mtihani linalowatoa jasho wanafunzi wa Kenya, "toa maana tatu za sentensi: Alimpigia mpira", ni kesi ya utata: aliupiga mpira kwa niaba yake, aliupiga kuelekea kwake, au alimpiga yeye kwa sababu ya mpira? Kesi ya aina ya tatu, ambapo lugha yenyewe inamzuia mtu asifikie hitimisho sahihi, bado sijaletewa.

Kiswahili je? Si ndiyo lugha iliyopangika kuliko zote?

Wanafunzi wangu huja wameshaambiwa hivyo, na mwezi wa kwanza wanaamini. Kiti kimevunjika, viti vimevunjika. Mti umeanguka, miti imeanguka. Wanafurahi. Kisha anaingia kifaru. Kwa umbo lake angestahili kusimama na kiti, lakini hatusemi "kifaru kimelala". Tunasema kifaru amelala, kwa kuwa ana uhai. Wanaandika: sawa, mwenye uhai huchukua a-. Hapo nawaletea sentensi hii: "Rafiki yangu mzuri amefika." Neno ni moja, lakini kimilikishi kimekwenda na ngeli ya nyumba na nguo, huku kivumishi na kitenzi vikienda na ngeli ya mtu. Hapo kalamu zinawekwa chini.

Hesabu nazo zina mambo yake. Tunasema watu watatu, wanne, watano. Tukifika sita, upatanisho unakatika: watu sita, watu saba. Kwenye nane unarudi, watu wanane, halafu tisa na kumi hazibadiliki tena. Ukiuliza kwa nini, jibu ni la kihistoria. Sita, saba na tisa tumezipokea kutoka Kiarabu zikiwa zimekamilika, hazikuvishwa viambishi. Nane ni ya Kibantu, ikaendelea na desturi zake.

Ninachokipenda zaidi ni wiki. Jumamosi ni ya kwanza, Jumapili ya pili, Jumatatu, Jumanne, Jumatano ni ya tano. Kesho yake? Alhamisi, ambayo kwa Kiarabu maana yake ni "ya tano". Kwa hiyo wiki ya Kiswahili ina siku ya tano mara mbili, na ya sita haipo kabisa. Hesabu moja inaanza baada ya Ijumaa, nyingine ya Kiarabu inaanza Jumapili, zikashonwa pamoja, na karne zote hizi hakuna aliyekosa miadi kwa sababu hiyo.

Na saa yetu? Mbona dunia nzima inasema saba, sisi tunasema moja?

Si dunia nzima. Waethiopia pia wanahesabu kama sisi. Na katika jambo hili mimi ni wakili wa Kiswahili bila aibu. Jua linachomoza, unaanza kuhesabu; ikipita saa moja, ni saa moja. Huku kwetu karibu na Ikweta mpango huo unafaa, maana Dar es Salaam jua la asubuhi halipishani hata saa nzima kati ya mwezi na mwezi. Upeleke Stockholm uone: Juni jua linatoka kwenye saa tisa u nusu usiku, Desemba linasubiri hadi karibu saa tatu asubuhi. Huko ungelazimika kurekebisha saa kila wiki.

Na hao wanaotucheka, baada ya usiku wa manane saa yao inasoma 12:30, kisha ndiyo inafika 1:00. Kumi na mbili inatangulia moja.

Ila nasi tusijisifu sana. Tuliazima saa ya Kizungu pamoja na namba zake, kwa hiyo mtoto anafundishwa kutazama mshale mfupi ulipoelekea, halafu asome namba ya upande wa pili. Na kuna suala la usiku. Kwa hesabu ya zamani ya pwani siku inaanza magharibi, kwa hiyo usiku wa Ijumaa ni ule unaoitangulia Ijumaa. Kwa hesabu ya ofisini ni ule unaoifuata. Magazeti yamejiokoa kwa kuandika "usiku wa kuamkia Ijumaa", na nadhani hilo ni miongoni mwa maneno ya busara kuliko yote katika uandishi wetu wa habari.

Mimi mwenyewe niliwahi kukosa basi. Tiketi iliandikwa 7:00. Nikafika saa saba mchana na begi langu, basi likiwa limeondoka saa moja asubuhi. Kiswahili kina utaratibu wake na Kiingereza kina wake. Shida ilikuwa karatasi moja iliyotaka kutumia vyote viwili.

Nimesikia Kifaransa ndiyo lugha ya uwazi. Ni kweli?

Sifa hiyo ina mwenyewe. Mwaka 1784 Akademia ya Berlin ilimpa Antoine de Rivarol tuzo kwa insha yake kuhusu kuenea kwa Kifaransa, naye akadai kwamba kisicho wazi si Kifaransa. Hoja yake ilikuwa mpangilio wa maneno: kwanza mtenda, kisha tendo, kisha mtendwa, jinsi akili inavyokwenda yenyewe. Kwa kipimo hicho Kiswahili nacho kilistahili tuzo, maana Juma amekula ugali, tena kwa mpangilio huohuo.

Tena kipimo chenyewe kinamgeuka. Mfaransa akisema anakupenda, anamtaja "wewe" kabla ya "penda". Nasi vilevile: katika ni-na-ku-penda, mpendwa anatangulia mapenzi. Je, akili ya Mfaransa inageuka kila anapotumia kiwakilishi?

Ukitaka kumsumbua zaidi, mwombe ataje 97. Atakuambia nne-ishirini-kumi-saba. Wabelgiji waliona taabu hiyo wakabaki na neno moja la tisini, nonante, na Wakongo waliotawaliwa nao wanalitumia hadi leo. Mtu wa Lubumbashi anayezungumza Kiswahili na Kifaransa, akitaja 97, hana haja ya kuzidisha ishirini kwa nne katika lugha yoyote kati ya hizo. Wadenmaki wamewapita wote: neno lao la hamsini asili yake ni "nusu ya tatu mara ishirini", yaani mbili na nusu zidisha kwa ishirini. Na benki zao zinafanya kazi.

Kuna ushahidi kwamba majina ya namba yana athari kwa watoto wadogo: watoto wa Kichina, ambao kumi na moja yao ni "kumi moja" kama yetu ilivyo "kumi na moja", wameonekana kuvuka kumi mapema kuliko wa Marekani, wanaolazimika kukariri majina mapya. Hiyo ni faida ya kweli. Ila ni ya kuhesabu mapema, na wakubwa wote hufika palepale.

Hasi mbili hufanya chanya. Kwa hiyo lugha zinazorudia ukanushi hazina mantiki?

Kanuni hiyo ni ya aljebra, na walioiingiza kwenye sarufi ni watu wenye majina. Kwa Kiingereza aliyeitia nguvu ni Robert Lowth, kwenye sarufi yake ya karne ya 18. Wahispania na Warusi wanarudia ukanushi kila siku na hakuna anayewaelewa kinyume.

Sisi tunafanya yote mawili. "Hakuna asiyejua" maana yake wote wanajua. Hasi mbili zimefutana. Lakini "Sikumwona Ali wala Asha" je? Wala imetoka kwenye Kiarabu, maana yake "na si". Ukanushi uko kwenye kitenzi na uko tena kwenye wala, hata hivyo hujamwona yeyote kati yao. Hapa hazikufutana, zimesaidiana.

Jambo hili limewahi kuumiza watu. Marekani, miaka ya 1960, kulikuwa na wataalamu waliosema watoto weusi wa mijini hawawezi kufikiri sawasawa kwa sababu Kiingereza chao kinarudia ukanushi na kuangusha baadhi ya vitenzi. Mwanaisimu William Labov aliwajibu mwaka 1969. Alichukua maneno ya kijana wa miaka 15 wa Harlem akibishana kuhusu Mungu na pepo, akaichambua hoja yake hatua kwa hatua, akaonyesha kwamba imekaza. Kisha akaweka kando yake maneno ya mtu mzima aliyesoma, mwenye Kiingereza safi, yaliyojaa mapambo na kuzunguka palepale. Wanaowacheka watoto wa Sheng wangefaa kuipitia kazi hiyo.

Tukiwa hapo: "kitabu yangu" si kuharibu mantiki ya Kiswahili?

Ni kuvunja sarufi sanifu, na kwenye mtihani nitakukata alama. Lakini maana imefika nzima. Nairobi na Lubumbashi husema hivyo kila siku, na hakuna anayeuliza kitabu ni cha nani. Upatanisho wa ngeli ni kama kufunga mzigo kwa kamba tatu: unapendeza, unasaidia sentensi ikirefuka, ila kwenye sentensi fupi kamba moja inatosha.

Nani wa kwanza kuuliza swali hili?

Wa kwanza sijui, lakini mjadala ninaoupenda kuliko yote ulifanyika Baghdad katika karne ya 10, mbele ya waziri Ibn al-Furat. Upande mmoja alikaa Matta ibn Yunus, Mkristo aliyetafsiri kazi za Aristotle, mwanafalsafa wa Kigiriki. Upande wa pili mwanasarufi Abu Sa'id al-Sirafi. Matta alisema mantiki ni mizani: hupima maneno sahihi na yasiyo sahihi, kwa watu wote. Al-Sirafi akamjibu kwamba mizani hiyo ilitengenezwa na Mgiriki kwa desturi za lugha ya Wagiriki. Inawafungaje Waturuki, Wahindi, Waajemi na Waarabu? Kisha akamchokonoa: wewe Kigiriki hukijui, unatafsiri kutoka Kisiria.

Halafu akamtega kwa sentensi mbili kuhusu mtu aitwaye Zaidi. "Zaidi ndiye bora wa ndugu zake" na "Zaidi ndiye bora wa ndugu". Moja ni kosa. Ipi? Ya kwanza, maana ukiulizwa ndugu za Zaidi ni nani, utataja Amri, Bakari na Khalidi, na Zaidi mwenyewe hutamtaja. Atakuwaje bora katika kundi asilomo? Kosa hilo ni la mantiki kabisa, na aliyelikamata ni mtu wa sarufi.

Waliohifadhi habari hiyo walimpa al-Sirafi ushindi. Mimi naona kila mmoja alishika nusu. Neno lenyewe mantiki limetoka kwenye Kiarabu, na mzizi wake ni kutamka. Wagiriki nao walilijenga lao juu ya neno lenye maana ya usemi. Ila mtego wa Zaidi unafanya kazi hata kwa Kiswahili, nimekuwekea hapo juu, na hilo Matta angelifurahia.

Kwa hiyo Kiswahili kinatosha kwa hesabu na sheria, mahali ambapo utata hautakiwi?

Hakuna lugha ya kuzaliwa nayo inayotosha ikiwa peke yake. Chukua "Watu wote hawakuja." Hakuja hata mmoja, au walikuja baadhi? Kwa mdomo, sauti ndiyo inayoamua. Kwenye karatasi hakuna sauti, na Kiingereza kina mtego huohuo. Mfasiri anayejua kazi yake ataandika "Si watu wote waliokuja" au "Hakuna aliyekuja", na mambo yanaisha. Tangu sheria ya mwaka 2021 ilipokifanya Kiswahili lugha ya mahakama Tanzania, tahadhari hiyo si ya darasani tu.

Upande wa hesabu: tatu jumlisha nne mara mbili ni ngapi? Sentensi inaruhusu 14 na inaruhusu 11. Aliyesoma shule ya msingi Tanzania atasema 11 bila kupepesa, kwa sababu ya MAGAZIJUTO: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Kanuni hiyo haikutoka kwenye sarufi yetu wala ya mtu mwingine. Wanahisabati waliweka mabano na makubaliano yao kwa kuwa lugha zote, ya Euclid na ya bibi yangu, zinavuja mahali hapo. Wanaosema Kiswahili hakibebi hisabati wamesahau kwamba Kigawe Kidogo cha Shirika walikitafuta kwa Kiswahili, wakakipata.

Lakini lugha hazifanani. Tofauti iko wapi basi?

Mwanaisimu Roman Jakobson aliiweka vizuri mwaka 1959: lugha hutofautiana katika yale zinayokulazimisha kusema, kila moja inaweza kusema yote. Kiingereza kinakulazimisha kutaja kama ni mwanamume au mwanamke. "Yeye" yetu haijali. Kimalei kinakulazimisha kuchagua kati ya kita, sisi pamoja nawe, na kami, sisi bila wewe. Kiswahili hakina hiyo, ndiyo maana mtu akikuambia "Tumealikwa harusini" unabaki hujui kama ununue kitenge.

Nasi tuna letu: -ja-. Hakuoa, haoi, hajaoa ni mambo matatu mbalimbali. Hajaoa inaacha mlango wazi, hata kama mzee ana miaka 70. Na mwanamke akiulizwa "Una watoto?", adabu ni "bado", akijibu "hapana" wengine watashtuka. Kiambishi kidogo kinabeba dai zima kuhusu kesho.

Watu wasiojibu chemshabongo za mantiki, lugha yao si ndiyo inayowazuia?

Mwanasaikolojia wa Kisovieti Alexander Luria alikwenda Uzbekistan mwaka 1931 na 1932. Akawauliza wakulima wasiosoma: kaskazini ya mbali kwenye theluji, dubu wote ni weupe; Novaya Zemlya iko kaskazini ya mbali; dubu wa huko ni wa rangi gani? Wengi wakamjibu kwa namna ya kwamba hawajafika huko, awaulize waliofika. Lakini wenzao wa lugha hiyohiyo, waliopata shule kidogo, walijibu mara moja. Lugha haikubadilika, kilichobadilika ni kuuzoea mchezo wa shule wa kukubali maneno ya mwuliza kama kweli tupu. Na kusema kweli, mtu anayekataa kutolea ushahidi asichokiona ningempenda sana akiwa shahidi kwenye kesi yangu.

Haijawahi kutengenezwa lugha ya mantiki tupu?

Mara nyingi. John Wilkins alichapisha yake mwaka 1668. Zamenhof alitoa Kiesperanto mwaka 1887, kilichonyooka sana, ingawa lengo lake lilikuwa amani zaidi ya mantiki. James Cooke Brown alianza Loglan mwaka 1955 ili ajaribu kama lugha hutengeneza fikra, na mwaka 1987 ikazaa Lojban, ambayo sentensi yake haiwezi kuchambuliwa kisarufi kwa njia mbili. Ni kazi ya kupendeza. Ila ukidanganya kwa Lojban, umedanganya tu, bila utata.

Kisanskriti ndiyo lugha bora ya kompyuta, wanasema NASA?

Rick Briggs, mtafiti aliyekuwa NASA, aliandika makala mwaka 1985. Alionyesha kwamba mbinu ya wanasarufi wa India ya kufumua sentensi inafanana na mbinu za akili bandia za wakati huo. Sifa ni ya wanasarufi, ambao tangu Panini na kanuni zake zipatazo 4,000 walikuwa mbele ya dunia nzima. Kuomba maji kwa Kisanskriti hakuna mantiki zaidi ya kuyaomba kwa Kidigo.

Nikiulizwa na mgeni "Hukuja jana?", nami sikuja, nijibu ndiyo au hapana?

Wengi wetu tunasema "ndiyo": ndiyo ulivyosema, sikuja. Wajapani nao hujibu hivyo. Mwingereza atasema "hapana", kwa sababu yeye anajibu tukio, sisi tunajibu kauli ya mwuliza. Wafaransa na Wajerumani wameongeza neno la tatu la kupinga swali la kukanusha, na hata hivyo hubishana. Njia zote zimenyooka zikiwa nyumbani kwao. Ajali hutokea mpakani. Kwa hiyo ukiwa mbele ya ofisa wa uhamiaji, au unamtafsiria shahidi, neno moja lisitoke peke yake. Sema "Sikuja." Au "Nilikuja." Kisha unyamaze.